Tunapopanga wapiga piano bora wa jazi, tunapima nini hasa?

Msikilizaji wa Kinondoni

Habari za jioni, ndugu zangu. Tuko watu saba ambao hukutana Kinondoni kila Jumamosi jioni kusikiliza muziki wa jazi, na wiki iliyopita tuliamua kuandika orodha ya wapiga piano kumi bora wa muziki huo. Nafasi ya kwanza haikuleta ubishi, kwani wote tulimtaja Art Tatum. Ya pili alipewa Oscar Peterson, na hapo sauti zilianza kupanda. Mambo yaliharibika kabisa tulipofika kwa Thelonious Monk, ambaye wengi walimshusha hadi nafasi ya tisa kwa hoja kwamba vidole vyake vilikuwa vizito na kwamba anasikika kama mtu anayekosea. Nilimtetea kwa nguvu zangu zote, lakini nilipotakiwa kueleza kwa nini namwona mkubwa kuliko Peterson, nilibaki kusema kwamba nikimsikia hunisisimua, na hiyo si hoja ya kumshawishi mtu. Ninachoomba kwenu si orodha nyingine, maana hizo zimejaa kila mahali. Naomba kipimo: mtu akisema fulani anamzidi fulani kwenye piano ya jazi, anapaswa kuonyesha nini?

Mwalimu wa Kinanda

Ndugu yangu wa Kinondoni, nimefundisha kinanda kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba mnasikiliza mkono wa kulia, wakati historia ya piano ya jazi imeandikwa na mkono wa kushoto.

Chukua rekodi ya Tatum ya "Tea for Two" ya mwaka 1933. Nota za mkono wa kulia zinamiminika hadi mtu anashika kichwa, lakini msingi wake ni ule wa wazee waliomtangulia: mkono wa kushoto unagonga nota nzito ya chini, unaruka hadi katikati ya piano kupiga kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, kisha unarudi chini, na kwa mwendo huo peke yake mpiga piano anakuwa bendi nzima. Tatum aliufikisha mtindo huo mahali ambapo hakuna aliyeweza kuuongezea kitu. Katika miaka ya 1940 akaja Bud Powell, ambaye aliona kwamba besi na dramu zinatosha kubeba mwendo wa wimbo, akauachia mkono wa kushoto kazi ya kudokoa kodi fupi fupi, na mkono wa kulia ukapata uhuru wa kuimba kama saksafoni ya Charlie Parker. Bill Evans naye alizoea kuiondoa nota mama, ile inayoipa kodi jina lake, ndani ya kodi, akamwachia mpiga besi nafasi ya kuzungumza badala ya kusindikiza tu. Msikilize pamoja na mpiga besi Scott LaFaro katika rekodi za ukumbi wa Village Vanguard, New York, za tarehe 25 Juni 1961, siku chache kabla LaFaro hajafariki kwa ajali ya gari. McCoy Tyner, katika kundi la mpiga saksafoni John Coltrane, alipanga nota za kodi kwa hatua za nne (kama do hadi fa) badala ya zile za tatu (kama do hadi mi) tulizozizoea, na ndiyo maana kodi zake zinasikika kama milango iliyo wazi.

Kuhusu Monk, jana usiku baada ya mazoezi ya kwaya nilibaki kanisani na kinanda, nikabonyeza kwa pamoja vitufe viwili vilivyopakana, cheupe na cheusi. Sauti inakwaruza. Nikaachia kimoja na kukishikilia kingine, na mkwaruzo ule ukageuka kuwa kama mtu anayevuta sauti kabla ya kuimba. Mpiga gitaa wa dansi hupata sauti hiyo kwa kuuvuta uzi, lakini uzi wa piano hauvutwi, na Monk aliitafuta sauti iliyo kati ya vitufe viwili kwa kuvigonga vyote. Mtu anayesema kwamba huko ni kukosea apewe kinanda ajaribu kukosea kwa namna hiyo, mahali pale pale, wimbo mzima. Kipimo changu, basi, ni kuuliza ni nini ambacho hakikuwezekana kwenye piano kabla ya mtu huyu. Kwa kipimo hicho Monk yumo kwenye tatu bora, na Peterson, ambaye nampenda sana, hayumo.

Mzee wa Upanga

Vijana wangu, nimesoma maelezo ya Mwalimu na nimejifunza, ila nasikitika kwamba hadi hapa hakuna aliyemtaja Randy Weston. Mnakaa Dar es Salaam, mnajadili piano ya jazi kwa Kiswahili, na mnamsahau mpiga piano wa Brooklyn, New York, ambaye mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, alirekodi santuri akaiita "Uhuru Afrika". Shairi la ufunguzi liliandikwa na Langston Hughes, muziki ulipangwa na Melba Liston, na sauti ya Kiswahili mnayoisikia mwanzoni ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku santuri hiyo Afrika Kusini. Miaka kumi hivi baadaye mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, akatoa na santuri yenye jina hilo, na wenzake katika kundi wakachukua majina kama Mchezaji, Jabali na Mganga.

Sisi tulikulia kwenye bendi zilizojiita Jazz, kuanzia Western na Kilwa hadi Morogoro, lakini muziki wao ulisimama juu ya magitaa na ala za kupuliza. Nadhani ndiyo sababu piano ya jazi tunaiona kama mali ya watu wa mbali, na tunapanga orodha kama wageni. Weston aligonga nota za chini kabisa za piano kama ngoma, na kwangu hapungui nafasi ya tano.

Msomaji wa Magomeni

Shikamoo mzee wangu, na heshima kwako Mwalimu. Naomba kutofautiana nanyi wote wawili. Mzee, Weston nampenda, lakini jina la Kiswahili kwenye jalada la santuri si hoja ya kumpandisha mtu kwenye piano. Hoja yako yenye nguvu ni ile ya nota za chini uliyoigusa mwishoni, na laiti ungeanza nayo. Tukitafuta Afrika ndani ya piano yenyewe, mimi namweka mbele Abdullah Ibrahim wa Cape Town, ambaye anarudia kodi chache za kanisani hadi zinakuwa sala.

Mwalimu, kipimo chako kinampendelea mvumbuzi na kumsahau aliyemlea. Mary Lou Williams alipiga mtindo wa zamani, akapiga swingi na bebopu, mitindo ya jazi iliyofuata, na nyumba yake kule Harlem, New York, ndiyo ilikuwa baraza la akina Monk na Powell walipokuwa vijana. Hakuna anayemtaja kama mtu aliyegundua aina fulani ya kodi, na kwa hiyo kila orodha inamruka. Naye Peterson alipata kiharusi mwaka 1993, mkono ule ule wa kushoto unaousifu ukadhoofika, na bado alirudi jukwaani akipiga zaidi kwa wa kulia. Kipimo kisichoweza kuuona ukubwa wa jambo hilo kina upungufu.

Msikilizaji wa Kinondoni

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mzee. Nimemsikiliza tena Monk usiku huu huku nikifuatilia mkono wa kushoto tu, na kwa mara ya kwanza nimesikia kwamba ule mwendo wa kuruka wa akina Tatum bado umo, isipokuwa anaukata katikati na kuacha kimya mahali ambapo sikio linasubiri kodi. Jumamosi nitawachezea wenzangu Tatum na Monk mmoja baada ya mwingine bila kuwatajia majina, kisha Mary Lou Williams. Dada wa Magomeni, katika rekodi zake wewe ungeanza na ipi?

Msomaji wa Magomeni

Anza na "Zodiac Suite" ya mwaka 1945, kaka yangu. Wape kwanza vipande viwili vya mwanzo, kisha zima redio na uwaulize ni mwaka gani.