Nimepewa ripoti ya 579C, na kwangu mlio ni safi kabisa. Nianzie wapi?

Mbonyezaji: Wakuu, nisaidieni. Nimeunda transmita ya Morse ya wati 5, bendi ya mita 40. Juzi nilijibiwa na mtu wa mbali, furaha haikuwa na mfano, ila ripoti ikaja 579C (5 ni kusomeka, 7 nguvu ya mawimbi, 9 ubora wa mlio). Hiyo C ni kwamba mlio unateleza, yaani masafa yake yanahama ninapobonyeza. Mimi kwenye spika yangu nasikia mlio ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Sitaki kuchafua bendi ya wenzangu, ndiyo maana nimezima kwanza.

Kistari: Umefanya vema kuzima. Huo mlio wa spikani usiuamini, mkuu. Unatengenezwa na sakiti ndogo ya pembeni ili ujisikie unapobonyeza. Hauendi kwenye antena. Chomoa antena, weka mahali pake mzigo wa omu 50 unaomeza nguvu bila kurusha mawimbi (rezista 20 za kilo-omu 1, nusu wati kila moja, ukiziunga sambamba zinatosha). Chukua redio ya pili, itoe antena yake, zima AGC (inayojirekebishia ukuzaji yenyewe), punguza RF (kitufe cha ukuzaji wa mawimbi yanayoingia). Sasa bonyeza kistari kirefu usikilize pale kinapoanza. Ukisikia “tiyuu” badala ya “tuuu”, huyo ndiye mgonjwa wako.

Usiipunguzie RF kidogo tu. Redio iliyozidiwa inazua kasoro ambazo transmita haina, na utahangaika bure.

Vitone: Naongezea. Vituo vya Reverse Beacon Network, mtandao wa redio zinazonasa Morse zenyewe na kuripoti intaneti, vitakupa desibeli na kasi yako, usafi wa mlio havikuambii. Afadhali ujisikilize kwenye WebSDR (redio unayoiendesha kupitia intaneti) ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kama mawimbi yanafika huko.

Mbonyezaji: Nimeusikia! “Tiyuu” kila kistari, wazi kabisa. Nikaweka mita kwenye waya unaolisha osileta (sakiti inayozalisha masafa): volti 12.4, nikibonyeza inashuka 11.6. Nikailisha osileta kwa betri yake peke yake, na kuteleza kukaisha hapo hapo.

Kistari: Basi umeshaupata: volti zikishuka, masafa ya osileta yanahama. Iwekee rigeleta (kidhibiti cha volti) yake ya volti 8, chipu ya 7808 inatosha, na kapasita karibu na miguu yake. Hatua ya mwisho, inayokuza nguvu kwenda antena, iendelee kula betri moja kwa moja.

Mbonyezaji: Imekaa vizuri. Lakini nikisogeza redio kilohezi 1 pembeni, mlio unapotea na bado nasikia “tk, tk” kila ninapobonyeza na kuachia.

Vitone: Hiyo ni tabia nyingine: nguvu inapanda na kukatika ghafla mno. Kwenye transista inayowasha na kuzima, ongeza rezista na kapasita hadi kupanda kuchukue kama milisekunde 5, na kushuka vivyo hivyo. Mwenye osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la wimbi) ataona pembe za kistari zikilainika. Wewe tumia sikio: badilisha kapasita moja moja, rudi pale pale kilohezi 1 pembeni, sikiliza upya. Hiyo “tk” ikififia, rudisha antena uite tena.