Eti "wawili tu"! Na simu nimeshika mimi

Wakuu, natetemeka kwa hasira, mnisamehe herufi zikipishana.

Yule jamaa mnamjua. Yule wa "malkia wangu" kutwa mara tatu kama dozi. Jana kanipitia twende ufukweni Coco, hapa hapa Dar, kupunga upepo, yeye na huyo malkia. Kuanzia Mwenge hadi Morocco wamenuniana, hata dirisha wanagombania. Tumefika, simu ikawashwa, meno 32 nje!

Nimepiga picha mpaka mihogo ikawa mawe. Kumlisha mshikaki tu tumerudia mara 400. "Shem, rudia, hapo nimefumba macho." Mshikaki wenyewe ule ule mmoja, hauliwi, unaingia mdomoni unatoka.

Leo naamka nakuta kaposti: "Wawili tu, dunia tumeiacha nyuma."

WAWILI TU!! Hela ya mihogo nimetoa mimi! Kuzeni picha, tazameni miwani ya shem: kuna mtu kachuchumaa mchangani, kaptula ya bluu, kashika simu. Huyo ni jini?

Na komenti zimejaa "Mungu nipe wa hivi". Dada zangu, mnaomba kununiwa Mwenge hadi Morocco. Wawili tu!

Tende Kavu: Pole mkuu, ila stendi ya simu huwa haitajwi.

Popo Mchana: Ulichuchumaa ya nini?

Mleta uzi: Eti ndio wanatoka warefu. Turudi kwenye hoja. WAWILI TU.

Mama Ntilie Mstaafu: Afadhali wewe. Wangu kaposti gari, kaposti hadi mbuzi wa jirani. Mimi mwaka wa 6 sijaonekana hata kisigino.

Tende Kavu: Shukuru. Zari alimmwaga Diamond Insta siku ya wapendanao, 14 Februari 2018, na ua jeusi juu. Waliokuwa wanalaiki ndio hao hao wakageuka mahakimu.

Popo Mchana: Waridi jeusi. Andika vizuri.

Tende Kavu: Waridi si ua?

Mama Ntilie Mstaafu: Halafu mbuzi mwenyewe kamwandikia "mrembo".

Chumvi Kiasi: Samahani, mihogo Coco bei gani siku hizi?

Popo Mchana: Inategemea umekuja na gari gani.

Mleta uzi: Jamani, wawili tu...

Chumvi Kiasi: Nimekusoma mkuu. Ile pilipili ya kwenye chupa bado ipo?