Nina ofa ya kazi mpya na I-485 (fomu ya mwisho ya kuomba grinikadi) haijafikisha siku 180, niondoke au nivumilie?

Mtu_wa_Pangani:
Wakuu habari za huko. Niko Dallas, Marekani, kwa H-1B (viza ya kazi) mwaka wa tano, kazi yangu uhasibu. Kampuni ndio ilinifungulia grinikadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja), PERM (kibali cha Wizara ya Kazi) ikapita, I-140 (ombi la mwajiri kwa ajili yangu) ikakubaliwa mwaka jana mwezi wa tatu, I-485 nimeshapeleka na kwa hesabu yangu leo ni siku ya 141. Sasa nimepata ofa Houston, meneja wa fedha, kwa mwaka napanda kama dola elfu thelathini ila wanataka nianze ndani ya wiki tatu. Hapa nilipo bosi ananibebesha kazi za watu wawili maana anajua sina pa kwenda, nikiomba nyongeza naambiwa si tunakulipia makaratasi. Wife anasema nisiguse kitu mpaka kadi iingie mkononi. Nifanyeje jamani? Na nikiondoka wanaweza kuifuta I-140 kwa hasira?

LoyaWaKijiweni:
Mkuu mimi sio loya kweli, jina tu, lakini hii njia nimepita. Kuna sheria ya mwaka 2000 inaitwa AC21, I-485 ikishakaa siku 180 bila kuamuliwa unaruhusiwa kuhamia mwajiri mwingine na ombi lako linaendelea, ilimradi kazi mpya ni ile ile au inafanana. Mwajiri mpya anasaini Supplement J, fomu ya kuthibitisha hiyo kazi mpya, basi. Mji haujalishi, Houston au Alaska sawa tu. Na I-140 usiogope, ikishapita siku 180 tangu ikubaliwe (yako ina zaidi ya mwaka) wakiandika barua ya kuiondoa haifutiki kwa hilo peke yake, hiyo kanuni ipo tangu Januari 2017. Kwa hiyo tatizo lako sio hasira za bosi, tatizo ni hizo siku 39 zilizobaki kufika 180.

Nyakio_MN:
Kaka sikiliza mke wako, angalau nusu. Mimi niliondoka mapema kwa haraka kama hii yako, I-140 ilikuwa na miezi miwili tu, kampuni ikaiondoa, I-485 ikakataliwa. Kilichobaki ni prayoriti deti (tarehe ya nafasi yako kwenye foleni ya grinikadi), hiyo hawakunyang'anyi, lakini PERM nikaanza upya na ilikula mwaka na ushee. Kilichoniokoa nisipande ndege ni H-1B, mwajiri mpya alikuwa ameipeleka kwa jina lake. Ndio maana nakuambia hata ukihama baada ya siku 180 waambie wakufanyie transfa ya H-1B, unaweza kuanza kazi USCIS (idara ya uhamiaji) wakishaipokea hiyo pepa, sio lazima usubiri jibu. Usihamie kwa kadi ya kazi tu (ile inayotolewa kwa sababu ya I-485) eti ni rahisi. Ukiacha H-1B halafu I-485 ikataliwe, huna pa kusimama. Na ukitaka kwenda nyumbani Desemba bila H-1B utahitaji ruhusa ya safari kabla hujatoka, la sivyo wanahesabu umelitupa ombi lako.

Mtu_wa_Pangani:
Dah pole sana dada. Na hili la kufanana je, mhasibu kuwa meneja linapita?

LoyaWaKijiweni:
Hapo ndio utamu. Kwenye orodha ya kazi ya serikali namba ya mhasibu ni 13-2011, ya meneja wa fedha 11-3031, ukiangalia namba tu unaweza kuzimia. Lakini hawaangalii namba peke yake, wanaangalia majukumu, elimu inayotakiwa, ujuzi. Mtu kupanda cheo akawa anawasimamia wahasibu wenzake ni jambo linaloeleweka. Cha kufanya waombe Houston barua inayoeleza majukumu kwa kina, vitabu, ripoti, ukaguzi, na uiweke pembeni na ile ya kwenye PERM. Kama kazi mpya ni kutafuta wateja na kupiga golfu na wawekezaji, hapo mkuu sijui tukusaidieje.

Chumvi_Nyingi:
Umesaini mkataba wa kurudisha gharama ukiondoka? Wengi wanatishwa na hiyo. Gharama za PERM na loya wake ni za mwajiri kisheria tangu 2007, hawezi kukudai. Za I-485 hiyo habari nyingine, soma ulichosaini. Na kabla hujatoa notisi omba kopi ya I-140, ukishatoka hata simu hawapokei.

Mtu_wa_Pangani:
Wakuu nimerudi, mtanicheka. Nimetoa ile risiti ya I-485 kwenye faili kumbe nilikuwa nahesabu kuanzia siku bahasha ilipofika kwangu, tarehe ya kupokelewa iko juu pale imeandikwa kabisa, siku 12 nyuma. Maana yake zimebaki 27 sio 39. Nimewaandikia Houston nikaomba wiki mbili zaidi, wamekubali bila hata kuuliza, na loya wao anaanza transfa ya H-1B wiki ijayo. Bosi sijamwambia kitu, leo kaniletea faili la tatu nikapokea nikitabasamu.

Nyakio_MN:
Tabasamu na uendelee kuhesabu. Na hiyo risiti piga picha, weka na kwa simu ya mke.