Nimelipa laki moja na tisini na tano kuambiwa kwenye spika kwamba BOTI INALALA

Wakuu, leo sina salamu. Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu bado vina mchanga, na nikimaliza kuandika hapa narudi ufukweni kwa miguu nikaizamishe ile boti kwa mikono yangu miwili.

Mnamjua. Msinilazimishe kumtaja. Yule yule wa boti nyeupe yenye spika kubwa kuliko injini. Yule anayekujibu "karibu sana bosi wangu" mpaka utume hela, ukishatuma anakuwa bubu.

Mimi nimezaliwa hapa Mwanza, nimekulia Igogo. Kisiwa cha Saanane nimeanza kukiona kabla sijajua kusoma. Nikiwa darasa la nne shule ilipanga ziara, enzi hizo watu bado wanapaita zuu, tukaambiwa tutaona simba. Siku ya safari nikaamka na matumbwitumbwi, shavu kama nimemeza embe zima. Wenzangu wakarudi wakaniigizia simba mwezi mzima. Tangu siku hiyo kile kisiwa kimekaa pale kinanitazama. Miaka 33! Nimefika Dar, nimefika Lusaka, Saanane sijakanyaga, na boti kutoka Capri Point ni kama dakika kumi tu.

Sasa mama mkwe katoka Sengerema kuja kumwona mjukuu, nikasema hii ndiyo siku. Elfu 65 kwa kichwa, vichwa vitatu, mtoto bure. Tangazo linasema "kruzi": muziki, msosi, mnazunguka Jiwe la Bismarck, halafu kisiwani. Nikanunua na shati kabisa. La bluu, lina minazi.

Tumefika usawa wa Jiwe la Bismarck, upepo mwanana, mama mkwe kashika khanga yake isipeperuke, mimi namwelezea lile jiwe kama vile nilikuwepo likipangwa. Muziki ukakatika. Spika ikakohoa.

"YULE BABA WA SHATI LA MINAZI, HEBU AHAMIE UPANDE WA KULIA, BOTI INALALA."

Watu thelathini. Wote thelathini wakageuka. Nikaangalia kama kuna mwingine mwenye minazi. Hakuna.

Nikahama. Na hapa ndipo iliponiua, wakuu: boti IKANYOOKA. Ingebaki vile vile ningesema jamaa kanionea. Ilinyooka wima kama mwanafunzi kaona kiboko, na watu wakapiga makofi. Nikageuka kumwangalia mama mkwe. Kajifunika khanga uso mzima, mabega yanacheza. Mama ambaye miaka tisa sijawahi hata kutafuna kwa sauti mbele yake!

Kisiwani kwenyewe sikuona kitu. Nasikia kuna swala. Nilichokiona mimi ni pimbi mmoja anaota jua juu ya jiwe. Akanitazama. Akasogea upande wa pili. Haki ya Mungu tena.

Boya nililopewa halikufunga, mhudumu akaliunga mbele kwa uzi wa wavu wa dagaa, mafundo matatu, huku anapumua kama anafunga mzigo wa mkaa. Na wakati wa kurudi, sijatia hata mguu ndani, spika hiyo: "Baba Minazi, wewe utakaa katikati." Kanipa na jina! Boti inalala, boti inalala, mimi ni abiria au gunia la mahindi?

Hivi ninavyoandika, mwanangu wa miaka minne yuko sebuleni ndani ya beseni anamwambia paka ahamie kulia.

Ngosha wa Buzuruga: Pole mkuu. Tuanzie hapa: kilo ngapi?

Shangazi Pasiansi: Weka picha ya shati. Bila picha huu uzi ni chai.

Kipanga wa Igoma: Kuizamisha kwa mikono ni kujitesa bure. Panda tu, kaa kushoto.

Mleta uzi: Naona mnacheka. Nimesema watu THELATHINI. Na mimi ni kilo 104 tu, halafu nina mifupa mizito, kwetu tuko hivyo.

Ngosha wa Buzuruga: "Tu."

Fundi Nyegezi: Kwa hiyo boya kavaa boya 😂😂

Mzee wa Kirumba: Wanangu, mimi nitasema tofauti. Aliyekuwepo Mwanza ile Mei ya 1996, MV Bukoba ilipozama, hawezi kucheka boti ikilala. Nahodha alifanya kazi yake. Ila angekuja kukunong'oneza sikioni, siyo spika.

Kipanga wa Igoma: Mzee umetuweka msibani ghafla. Ila kweli.

Mleta uzi: NDICHO NINACHOSEMA MZEE WANGU. Angeninong'oneza! Mbona ningehama mwenyewe, tena kwa heshima!

Fundi Nyegezi: Ungenong'onezwa boti ingelala zaidi, kwa sababu na mnong'onezaji angekuwa upande wako.

Mkerewe Halisi: Samahani, Saanane nayo tunaiita kisiwa? Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 2.18, na hapo maji yamehesabiwa ndani. Njoo Ukerewe uone kisiwa kina wilaya. Halafu wewe una bahati umetukanwa bure. Mimi juzi nimeshuka na kapu la machungwa kutoka Nansio, pale bandarini mpagazi kalibeba hatua ishirini, nimezihesabu, kanidai hela inayozidi nauli yangu. Nikamwambia basi nibebe na mimi.

Shangazi Pasiansi: Machungwa bado unayo? Bei gani?

Binti Chato: Baba Minazi ungeenda Rubondo, ile hifadhi nyingine ya kisiwani. Wale sokwe waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, wamekaa kwenye meli wiki kadhaa, na hakuna aliyetangaziwa kwenye spika ahamie kulia.

Mleta uzi: Nani kakuruhusu kuniita hilo jina?

Binti Chato: Samahani Baba Minazi.

Mwalimu Mstaafu: Nimesoma kurasa nzima hakuna aliyetaja kwamba Saanane ni jina la mzee aliyekuwa anaishi pale, mvuvi na mkulima, kabla serikali haijapafanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Hifadhi ya taifa imekuwa mwaka 2013. Vijana mnapanda boti kwenda mahali msipopajua, mnachojua ni kupiga picha.

Ngosha wa Buzuruga: Mwalimu, mwenzio hakupiga hata picha. Alikuwa anabalansi.

Shangazi Pasiansi: Mleta uzi nijibu. Hilo shati lina minazi mitatu na jua linazama kwa nyuma? Kola pana?

Mleta uzi: Ndiyo. Kwani vipi?

Shangazi Pasiansi: Mitumbani Mlango Mmoja ni elfu sita. Nimeliacha Jumanne kwa sababu kwapa lilikuwa limeshonwa.

Mleta uzi: Elfu sita??? Mimi nimeambiwa ni jipya kutoka dukani! Nimetoa 22,000 Makoroboi! Ngoja niangalie kwapa.

Mleta uzi: Limeshonwa.

Fundi Nyegezi: Mayooo 😂😂😂 nalala chini

Mama Belo: Msiwaseme vibaya wauza nguo. Elfu sita ni bei ya mchana, baada ya watu kuchambua. Alfajiri belo linapokatwa kamba, shati kama hilo ni elfu kumi na mbili na wanalivutana. Sisi hasara zetu hamzioni. Mwezi uliopita nimefungua belo nimeandikiwa mashati ya kiume, ndani robo yake mapazia.

Kipanga wa Igoma: Mimi nina jinzi nimeuziwa hapo hapo, nimefika nyumbani zipu ni ya mchoro. Imedariziwa! Nimeitafuta nikiwa nimebanwa.

Mkerewe Halisi: Bora zipu ya mchoro. Kaunda suti yangu ya harusi fundi wa Nyegezi kaniwekea mfuko mmoja ndani kwa ndani, hauna mlango. Wewe Fundi Nyegezi siyo wewe?

Fundi Nyegezi: Mimi ni fundi bomba mzee, niache.

Mama Belo: Mapazia yenyewe nimeyauza, ila bado nina deni. Jumamosi nafungua mengine mawili, saa kumi na moja alfajiri, mje na tochi.

Shangazi Pasiansi: Nipo. Nitunzie magauni marefu, na usimwambie yule dada wa Nyakato, ana viwiko.

Kipanga wa Igoma: Mimi jinzi. Nitaijaribu zipu pale pale.

Mleta uzi: Mama Belo, hayo mashati ya Jumamosi, XXL huwa zinakuwepo? Nataka la rangi moja tu, lisiwe na mti wowote.