Mjadala: Je, aliyeokoka anaweza kuwa mkamilifu akiwa bado hai?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wadau wengine wote salaam.

Kuna mahubiri ya kipaza sauti yamezua maneno mtaani kwetu. Mhubiri alisema Mathayo 5:48 ni amri: "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Mungu haamuru lisilowezekana, kwa hiyo anayeendelea kutubu kila Jumapili huyo hajaokoka. Nusu ya watu wakaitikia amina, nusu wakarudi nyumbani wamenuna. Naomba tulijadili bila matusi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Amri ni amri kweli, hatukupewa tuibandike ukutani. Ila mhubiri kaung'oa mstari shambani kwake. Anza kusoma mstari wa 43 uone kinachozungumzwa: adui. Mungu huwaangazia jua waovu na wema, mvua yake hunyesha kwa mcha Mungu na kwa mwizi wa ng'ombe. Ukiwapenda wanaokupenda tu, watoza ushuru nao wanafanya hivyo. Ndipo linapokuja hilo "basi". Luka naye, kwenye mafundisho hayohayo ya kuwapenda adui, anamalizia na huruma: "Basi, iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma" (6:36). Ukamilifu tunaodaiwa ni upendo usiochagua mtu.

Sasa ingia kanisani uone tunapima nini. Nani kasuka rasta, nani kaonekana karibu na baa, binti gani kapata mimba tumtenge. Wakati huohuo mzee wa kanisa ambaye hajamsalimia jirani yake tangu ile kesi ya mpaka wa kiwanja anapitisha kikapu cha sadaka, na jirani mwenyewe kakaa benchi la tatu. Hakuna anayeguna.

Ubishi huu ni wa zamani. John Wesley, mwasisi wa Methodisti, aliufundisha ukamilifu miaka na miaka, hadi akautolea kitabu mwaka 1766. Septemba 1741 alikutana London na Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian, wakabishana kwa Kilatini. Zinzendorf alishikilia kwamba ukamilifu wetu wote umo ndani ya Kristo, sisi wenyewe hatuna hata chembe. Wesley akasema hapana, Roho humtakasa mtu kweli, na aliyetakaswa huendelea kukua katika upendo. Wakaachana bila kukubaliana. Warithi wao tunao hapa: Wamethodisti walifika Ribe, pwani ya Kenya, 1862, na Wamoravian wakapiga kambi Rungwe 1891. (Mimi nimebatizwa Moravian, na katika hili bado naona Wesley alikuwa na hoja nzito kumzidi mzee wetu.)

Lakini Wesley huyohuyo alikuwa na breki. Hakusema mkamilifu hakosei hesabu, hasahau wala hajaribiwi. Alisema moyo unaweza kujaa upendo wa Mungu na wa jirani hadi nia mbaya ikakosa pa kukaa, na hata huyo bado anahitaji damu ya Kristo, bado anasali "utusamehe deni zetu". Wapo wafuasi wake waliokata breki hiyo. George Bell, aliyewahi kuwa askari, alianza kufundisha kwamba mtu aweza kuwa mkamilifu kama malaika, mwisho akatabiri dunia inakwisha tarehe 28 Februari 1763. Siku hiyo jioni Wesley alihubiri kuipinga habari hiyo, akaenda kulala saa yake ya kila siku, na kwenye saa nne usiku alikuwa keshapitiwa na usingizi.

Swali langu kwenu: huyu mhubiri wetu yuko upande wa Wesley au wa Bell?

Mchangiaji wa 1

Mleta mada umepanga maneno vizuri ila umeruka 1 Yohana 3:9: "Kila mtu aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi." Hapo hakuna Kilatini wala London. Mimi nilikuwa mlevi wa gongo, nalala mtaroni, mke wangu akarudi kwao. Yesu alinitoa. Leo mkiniambia hakuna binadamu asiyetenda dhambi, mnanitafutia sababu ya kurudi kilabuni. Wasomi wengi mnatetea dhambi zenu kwa jina la unyenyekevu.

Mchangiaji wa 2

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki. Ndugu uliyetoka kwenye gongo, hongera, na hakuna anayekurudisha. Ila jambo hili Afrika ililiamua zamani sana. Mwaka 418, wakati wa mzozo wa Pelagio, mwalimu aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa utashi wake, maaskofu walikutana Karthago, Afrika Kaskazini. Wapo waliosema watakatifu wakisali "utusamehe deni zetu" wanasema kwa unyenyekevu tu, au wanawaombea wengine, si wao wenyewe. Maaskofu wakalikataa hilo wazi. Mtakatifu anaposema utusamehe, anamaanisha.

Na msidhani kwetu utakatifu ni wa masista na mapadre. Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1964, inasema waamini wote, wa hali yoyote ya maisha, wameitwa kwenye utimilifu wa upendo. Hata hivyo Papa mwenyewe anapiga magoti kwa muungamishi. Kwa kipimo cha mhubiri wenu, naye hajaokoka.

Mchangiaji wa 3

Sisi Wasabato mjadala huu unatugawa hadi kesho. Wapo wanaomfuata M. L. Andreasen, mwanatheolojia wetu wa zamani, aliyefundisha kwamba kabla Yesu hajarudi kitakuwepo kizazi cha mwisho kitakachoishinda dhambi kabisa, kuthibitisha kuwa sheria ya Mungu inashikika. Wengine tunaona mafundisho hayo yanamfanya mtu ajichungulie mwenyewe kutwa nzima badala ya kumtazama Kristo. Nimewaona vijana wakiacha kanisa kwa kuchoka tu, si kwa kupenda dunia.

Mleta mada

Nianze na ndugu wa gongo, maana hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa. Sikusema popote kwamba dhambi ya jana lazima irudi leo. Ulichopata ni kweli. Ila barua hiyohiyo uliyoninukulia inasema 1:8, "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe", na 2:1 inasema kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba. Yohana aliwaandikia watu haohao. Ukibeba 3:9 peke yake umebeba nusu ya barua.

Halafu neno hili "kuokoka" tunavyolisema sisi tumelirithi kwa sehemu kubwa kutoka Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wale ndugu walijulikana kwa nini? Kwa kutubu hadharani. Mtu alisimama kwenye mkutano akasema niliiba, nilimsengenya mwenzangu, namchukia fulani. Kisha akaenda kurudisha mali aliyoiba. Wakiita hivyo "kutembea nuruni". Na hawakutubu siku ya kwanza tu. Kila ushirika walirudi kwenye msalaba. Hicho ambacho mhubiri anakiita dalili ya kutookoka, kwao kilikuwa ndiyo alama ya aliyeokoka.

Mchangiaji wa 1

Gahini nakubali, babu yangu alikuwemo. Lakini wale walitubu wakaacha. Ninyi mnatubu mnarudia, Jumapili hadi Jumapili, dhambi ileile. Hapo ndipo tunapoachana.

Mleta mada

Na Petro je? Huyu alishaingia kwa Kornelio akala na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Baadaye Antiokia, walipokuja wageni kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akaondoka mezani, na Paulo akampinga mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Woga uleule wa usiku alipomkana Bwana. Huyo naye tuseme hajaokoka?