Hezbollah kwenye kipindi cha redio: magaidi, wanamgambo au chama?

Mhariri_Area C: Wakuu, naandaa kipindi cha dakika 15 kwa redio ya hapa Dodoma. Mashirika ya habari ya nje kila moja linaiita Hezbollah kwa jina lake. Niandike lipi? Na shule na hospitali zao nizitaje?

Kalamu Nzito: Anza na maelezo, si jina: "chama cha Lebanoni chenye jeshi lake, chenye wabunge tangu 1992". Neno "magaidi" taja nani analitumia. Marekani iliiorodhesha kuwa ya kigaidi 1997, Umoja wa Ulaya tawi la kijeshi tu 2013, Uingereza chama kizima 2019. Ukisema "inayotambuliwa kama ya kigaidi" bila kutaja nani anatambua, umeshahukumu.

Mpwapwa Jr: Shule na hospitali zitaje, mkuu, ila usigeuze kipindi kuwa tangazo. Baada ya vita vya 2006 Jihad al-Bina, taasisi yao ya ujenzi, ilijenga upya nyumba; basi hapohapo sema Iran inawafadhili. Kosa la kawaida ni kurusha sauti za Al-Manar bila kueleza kuwa ni kituo chao wenyewe cha televisheni.

Kalamu Nzito: Na usiache 2020: mahakama maalumu ilimtia hatiani mwanachama wao mmoja kwa mauaji ya Rafik Hariri, aliyekuwa waziri mkuu wa Lebanoni.

Bibi Zabibu: Msikilizaji wa Kongwa atakuuliza tu kuhusu neno "magaidi". Wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini walikuwa na kambi pale miaka ya 1960, na serikali ya kibaguzi ya Pretoria iliwaita ANC magaidi. Mandela, kiongozi wa ANC, alitolewa kwenye orodha ya Marekani ya magaidi 2008! Mfano huo unaonyesha majina hubadilika. Hauthibitishi kwamba makundi yanafanana.