Mbwa wa shamba anachopea mguu wa nyuma, nimpe dawa gani?

Mkulima_Konde: Asalaam aleikum. Niko Konde huku Pemba, nna mbwa dume wa miaka 5 ananilindia muhogo na ndizi, tumbili hawatuachii kitu. Siku kumi sasa, alikuwa anafukuza tumbili akakata kona ghafla, akapiga ukelele mmoja tu, tokea hapo mguu wa nyuma wa kulia anaunyanyua, akisimama anagusisha vidole basi. Nimempa diklofenaki ya mwanangu nusu kidonge siku tatu, sioni nafuu na jana katapika. Nisaidieni jamani, nimemlea tangu hajafumbua macho, roho inaniuma.

Bi_Mkubwa_Fumba: Waaleikum salaam. Kaka hiyo diklofenaki acha leo leo, inatoboa tumbo la mbwa na inaua figo, na hizi za kwetu nyengine usimjaribishie. Tazama choo chake, kikiwa cheusi kama lami hiyo ni damu, usingoje. Na daktari mwambie ulichompa, maana dawa ya maumivu ya mbwa hawezi kuichanganya juu yake, itabidi zipite siku kadhaa.

kupe_adui: Umemtazama baina ya vidole? Mwiba, kigae? Wangu alichopea leo mguu huu kesho ule, viungo vimevimba, homa, kumbe maradhi ya kupe, akapewa doksisaiklini wiki 4. Ila wako ni mguu mmoja na ghafla, sidhani.

Msasi_Makunduchi: Mie nahisi goti. Muangalie anavyokaa, mbwa mzima hukunja miguu yote miwili chini yake, aliekatika kano ya goti huutupa ule mbovu pembeni. Kisha simama nyuma yake ushike magoti yote mawili kwa pamoja, bovu utalikuta limejaa, kano ya chini ya pia ya goti haisikiki vizuri, na paja nalo limeanza kupungua. Daktari atalishika paja asukume muundi mbele, ukiteleza ndio hiyo kano. Eksirei haioneshi kano yenyewe, inaonesha maji na goti lilivyolika. Ana kilo ngapi? Chini ya 15 wengi hupata nafuu kwa kufungwa na kupumzishwa wiki 6 mpaka 8, wakubwa mara nyingi ni opereshini.

Mkulima_Konde: Nimembeba nikapanda nae mizani ya karafuu, nikatoa kilo zangu, 17. Na anakaa hivyo hivyo mguu pembeni, paja limepungua kweli. Choo cha kawaida alhamdulillah. Nimemfunga kivulini, kesho asubuhi nampeleka kwa daktari wa mifugo, tumbili na wale ndizi.